Ugonjwa wa Baba Tangu Siku ya Kulima

Temeke, Dar es Salaam

Kaka yangu Desideri,

Shikamoo. Naomba uitikie sasa hivi kabla hujaendelea, maana hasira zako nazijua, na ukifika katikati ya barua hii huenda usitake tena kuniitikia. Mimi ni mzima. Kile kikohozi kimeniacha, na joto la huku nimelizoea kwa shingo upande. Wifi Oresta mguu wake umepona? Watoto wako hawajambo? Najua saa hizi huko Pito upepo umeshaanza kuvuma na mnagombania nafasi karibu na moto, mimi huku nalala bila shuka na bado natota jasho. Juzi nimeikumbuka baridi ya kwetu hadi nikalia, mtu mzima mimi.

Barua yako uliyompa yule mwalimu aliyekuja huku kusoma nimeipata. Nimefurahi kusikia mahindi yamekubali na wanunuzi wanayafuata hadi shambani. Nimecheka pale uliposema Oresta amenunua koti la mitumba, akakuta mfukoni leso ya Mzungu ambaye hatumjui. Nilicheka hadi nilipofika kwenye habari za mdogo wetu Tatu, binti wa Mama Mdogo. Umeandika kwamba siku ya kuandikishwa darasa la kwanza mwalimu alimuuliza jina la mama yake, akajibu kwamba hana mama, mama yake alimlisha baba sumu akakimbia. Umeandika kwamba mtoto huyu ana akili, hafichi neno.

Kaka, ile barua niliikunja nikaiweka chini ya godoro siku tatu. Nilikuwa naogopa hata kuitazama.

Sasa naomba jambo moja, nalo ni zito. Barua hii usiisome peke yako. Waite wale wote waliokaa kwenye matanga ya baba: Baba Mkubwa, shangazi, katekista na majirani, uwasomee yote bila kuruka. Ndiyo maana nitaandika hata mambo unayoyajua wewe, ili na asiyejua aelewe. Kwetu mtu akifa, aliyemuuguza husimama siku ya kuanua matanga akausimulia ugonjwa tangu ulipoanza hadi pumzi ya mwisho, ukoo ujue ndugu yao ameondokaje. Siku ile nilisimama mimi, binti yake niliyemwogesha na kumlisha uji. Nilisimulia vibaya. Leo nasimulia upya.

Ugonjwa wa baba ulianza siku ya kulima.

Ni ule mwaka ambao wanunuzi binafsi walianza kuja Laela na mizani yao. Ushirika ulikuwa hoi, na baba akasema sasa ruksa imefika hadi kwetu, atakayelima sana ndiye atakayeezeka bati. Akafungua lile shamba la bondeni lililokuwa majani matupu. Mwezi wa tatu akaalika watu wapige matuta ya ntumba, kupindua udongo na majani yake yaozee ndani, kama walivyofanya babu zetu. Mama Mdogo alipika pombe ya ulezi siku nyingi kabla. Kwa wasiomjua, Mama Mdogo ni Mwajuma, mke aliyeolewa na baba baada ya mama yetu kufariki. Alikuja kwetu kutoka Kasanga, ziwani, akiuza dagaa, akabaki. Wewe, kaka, siku hiyo hukuwepo, ulikuwa umepeleka magunia Laela. Lakini mimi nilikuwepo, na jembe nililishika.

Jua lilikuwa kali siku ile, si kawaida. Watu wote walikuwa wameloa. Baba alikuwa mbele yetu, akageuka kutuhimiza, na mimi nikamwona vizuri. Upande wa kushoto wa uso wake jasho lilikuwa linachuruzika hadi kidevuni. Upande wa kulia ulikuwa mkavu kabisa. Ungedhani mtu amepita na kitambaa akafuta nusu tu, mstari umekaa katikati ya paji la uso. Na jicho la kulia lilikuwa limekuwa dogo, kope imeshuka kidogo, kama anataka kukonyeza.

Mimi na mdomo wangu huu nikasema kwa sauti wote wasikie: "Baba, upande mmoja unalima, upande mwingine unasubiri pombe!"

Walicheka hadi wengine wakaacha majembe. Jirani mmoja akasema mzee anawakonyeza wapika pombe. Baba mwenyewe alicheka, ndivyo alivyokuwa. Mtu mmoja tu hakucheka, Mama Mdogo. Aliweka mtungi chini, akamfuata, akamfuta uso kwa ncha ya khanga yake, kwanza huku, kisha huku. Akaitazama ile khanga. Akamwambia baba kesho waende hospitali. Baba akasema ni upepo tu umempiga, na bega lake la kulia linauma tangu Krismasi kwa sababu ya jembe, hakuna hospitali inayotibu jembe. Yakaishia hapo, watu wakanywa.

Hiyo ndiyo siku ya kwanza. Muishike vizuri.

Majani ya Mama Mdogo yalikuja baadaye, mahindi ya kwanza yakiwa yanachomwa. Lile jicho lilikuwa halijafunguka, na baba alianza kuona aibu, watu wanamwita Mzee Konyeza. Ndipo Mama Mdogo alipoagiza kwao majani ambayo bibi yake alitumia kwa watoto wenye tongotongo. Akayachemsha, akayapoza, akamwosha jicho asubuhi na jioni siku kadhaa. Alipoona hayasaidii akaacha. Baada ya hapo mkono wa kulia ukaanza kulegea. Kidole kidogo na cha pili yake vikafa ganzi, nyama ya kiganja ikaisha, jembe likawa linamponyoka. Maumivu ya bega hayakumpa usingizi. Akakonda. Tulimpeleka hospitali, akapewa dawa za kikohozi na za maumivu, tukarudi naye. Unakumbuka alivyokuwa mwishoni, sina haja ya kuandika.

Sasa siku ya matanga. Baba Mkubwa aliniambia nisimame niseme. Nikasimama, nikaanza hivi: Baba alikuwa mzima, Mama Mdogo akamwosha jicho kwa majani ya kwao, jicho likafunga, kisha mkono ukapooza, kisha akafa. Nilisema hivyo hivyo. Kila neno nililosema lilikuwa limetokea, ila nilianzia katikati.

Mnakumbuka shangazi alivyopiga kelele kwamba tulisema tangu mwanzo, mtu wa ziwani humjui ameficha nini mkobani. Mama Mdogo alikuwa amekaa chini pale mlangoni na Tatu amemlalia mapajani. Hakubishana na mtu. Alinitazama mimi tu, akasema: "Leokadia mwanangu, anzia siku ya kulima. Wewe ulikuwepo."

Nikasema: "Sikumbuki."

Kaka, nilikuwa nakumbuka. Hata sasa nikifumba macho nauona ule uso wa baba. Walimaji wengine nao walikuwepo pale matangani, lakini walikuwa wamekunywa siku ile ya shamba, na nani angeanza kubisha wakati binti wa marehemu mwenyewe amesema hakumbuki? Walinyamaza kwa kunifuata mimi. Mimi ndiye niliyefunga ule mlango.

Mtaniuliza kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe miaka hii yote. Sikumchukia kwa ubaya wowote alionitendea, hakunitendea. Nilimchukia kwa sababu alilala kwenye kitanda cha mama yetu, na kwa sababu baba alianza tena kuimba asubuhi. Mama alipokufa baba aliacha kuimba, mimi nikajitahidi kumpikia, kumfulia, kumchekesha, hakuimba. Akaja mwanamke na kapu la dagaa, baba akaimba. Basi. Ni wivu wa kijinga wa mtoto wa kike, nao ndio uliomfukuza mtu.

Mlimtoa siku ile ile. Hakuruhusiwa hata kungoja eda yake iishe. Wewe, kaka, ndiye uliyemshika Tatu mkono ukamtoa mapajani mwake, ukasema damu ya ukoo haiendi ziwani. Siandiki ili kukulaumu, maana ulitenda kwa yale niliyokuambia. Mama Mdogo aliondoka na furushi moja, kichwa hakukigeuza, na mtoto analia hadi sauti inakauka. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji ambao hakuna aliyeutaka.

Sasa niwaambie nimejuaje kilichomuua baba, maana mtasema Leokadia amekwenda mjini akajifanya daktari. Mimi si daktari. Ni mhudumu katika kliniki ya macho, kama nilivyokuandikia. Nafagia, napanga wagonjwa kwenye benchi, na kazi yangu kubwa ni kuvuta mapazia. Daktari akitaka kutazama ndani ya jicho huhitaji giza, basi nafunga mapazia, yeye anamulika kurunzi. Akisema tayari, nafungua. Kutwa nzima nafunga na kufungua. Ukikaa hapo unajifunza, upende usipende. Nimejua kwamba mboni, lile duara jeusi la katikati ya jicho, ni tundu la kupitishia mwanga. Kukiwa na mwanga mwingi linajifinya, kukiwa giza linapanuka. Nimewaona wa kila namna. Kuna kijana aliyeanguka kutoka juu ya lori, mboni yake moja ikapanuka na jicho likageukia pembeni, daktari akaacha kila kitu akakimbia naye kwa wapasuaji wa kichwa. Kuna dada mmoja mboni yake moja kubwa inachelewa kufinyika, analia anadhani anakufa, daktari akamwambia hiyo haiui, nenda kaolewe. Hivyo mboni zinaweza kuonekana tofauti na sababu zikawa mbalimbali.

Miezi miwili iliyopita akaja mzee mmoja na mwanawe, analalamika bega. Walishamtembeza sehemu nyingi. Daktari alikuwa na wanafunzi. Akawaambia wamtazame tu, wasimguse, waseme wanaona nini. Nikatazama na mimi. Jicho moja dogo, kope imeshuka. Daktari akaniambia funga mapazia. Nikafunga. Kwenye lile giza mboni moja ya mzee ilipanuka, ya pili ikabaki ndogo vile vile. Kisha akamwuliza yule kijana kama baba yake akifanya kazi juani anatoka jasho uso mzima. Kijana akacheka. Akasema pale mtaani wanamtania mzee kwamba ananyeshewa upande mmoja.

Kaka, kurunzi ya akiba niliyoishika iliniponyoka. Daktari akanitazama, nikaokota, nikasema samahani.

Akawaeleza wanafunzi, na mimi nimesimama pale nimeshika pazia. Akasema mboni inaongozwa na mishipa ya fahamu ya namna mbili, mmoja wa kuifinya na mmoja wa kuipanua, kama watu wawili wanaovuta kamba huku na huku. Mmoja akilegea, mwenzake anashinda. Ule wa kufinya unatoka kichwani na kwenda jichoni moja kwa moja. Lakini huu wa kupanua unazunguka sana. Unatoka kwenye ubongo, unashuka na uti wa mgongo hadi kifuani, unapita juu kabisa ya pafu, ndipo unapanda tena shingoni hadi jichoni. Ndio unaosaidia kuinua kope, na ndugu zake ndio wanaotoa jasho la upande ule wa uso. Sasa ukiota uvimbe pale juu ya pafu, unaubana ule mshipa njiani. Jicho linakuwa dogo, kope inashuka, jasho linakauka. Na jirani yake hapo hapo inapita mishipa ya mkono, ndiyo maana bega linauma na vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi. Akasema ukiona jicho la namna hii na bega linaloumwa, acha jicho, piga picha kifua.

Waliipiga. Uvimbe ulikuwepo. Yule mzee alivuta tumbaku tangu ujana wake, kama baba na kiko chake.

Nilingoja watu waishe, nikamfuata daktari nikamweleza habari za baba tangu siku ya shamba. Ndiyo, tangu siku ya shamba, safari hii nilianzia mahali pake. Nikamwuliza kama majani ya kuoshea jicho yanaweza kufanya yale. Akasema yapo majani yanayoweza kuumiza jicho, yapo hata yanayocheza na mboni, lakini hakuna jani la kuoshea jicho linalokausha jasho la shavu na kula nyama ya kiganja. Kisha akaniuliza swali moja. "Jasho lilikauka kabla ya majani au baada?"

Nikamwambia kabla. Akasema basi jibu unalo mwenyewe.

Nikamwuliza pia kama tungemwahi baba angepona. Hakutaka kunidanganya. Alisema mara nyingi jicho likishaonyesha hivyo uvimbe umekwisha kukua, hata huku wanashindwa. Kwa hiyo kicheko changu shambani hakikumuua baba, na nimeshukuru kwa hilo. Mtu niliyemuua ni mwingine, nilimuua angali hai.

Kabla ya kukuandikia wewe nilimwandikia Mama Mdogo kwanza. Nisamehe kwa kukuruka, niliona yeye ndiye anayestahili kusikia mwanzo. Barua ilipitia kwa mfanyabiashara wa dagaa anayeshuka Kasanga. Nilimwambia yote, nikamwomba msamaha, nikamwambia nitauomba ukoo umrudishe nyumbani kwake kwa heshima. Jibu limenifikia juma lililopita, ameandikiwa na mtoto wa dada yake, ukurasa mmoja haujajaa. Hakunitukana. Kurudi Pito amesema hapana, sasa ana kibanda chake na anakausha samaki. Kuhusu msamaha hakuandika neno, si ndiyo wala si hapana. Ameuliza Tatu ameshang'oa meno ya mbele? Ameuliza ni nani anayemsuka. Ameomba mtoto aletwe amwone, hata kama ni siku mbili, kisha mtamchukua wenyewe.

Nimeisoma mara nyingi na kila nikifika hapo kwa kusuka nashindwa.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, kaka, nalo naliweka mbele ya watu wote wanaosikiliza. Mpeleke Tatu Kasanga. Usimtume mtu, nenda mwenyewe, wewe uliyemtoa mapajani. Mwache akae likizo yote, na kama akitaka kubaki na mama yake, abaki, atakuwa bado damu yetu. Najua utaona aibu. Najua uliapa mbele ya kaburi kwamba yule mwanamke hataiona tena sura ya mtoto wa baba, na wewe kiapo chako huwa hukirudishi. Basi kivunjie juu yangu mimi. Sema Leokadia alikudanganya, sema alitudanganya sote siku ya matanga, maana ndivyo ilivyo. Mimi niko mbali, wacheni wanilaani hadi washibe, nitabeba. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nimeficha hadi kilio kimenifuata huku Temeke.

Baba Mkubwa, shikamoo, wewe uliyeniamini niseme. Nisamehe. Shangazi, shikamoo, najua umeshaanza kutikisa kichwa. Ukitaka kunijibu niandikie, lakini usimwambie Tatu neno lolote kabla kaka hajasema naye. Katekista anisalimie wanakwaya wenzangu, na aniombee, sijaenda kuungama tangu siku ile ya matanga. Wifi Oresta, wewe ndiye unayemsuka, Mama Mdogo nitamjibu hivyo na najua atafurahi. Msuke vizuri kabla ya safari, umvalishe gauni lile la bluu. Majirani wote walionicheka na niliowacheka, wasalimieni.

Kaka, jambo la mwisho. Usingoje kumweleza mtoto mkishafika. Mwambie mapema, hapo hapo nyumbani, mara nyingi hadi akuelewe, kwamba mama yake hakumlisha baba sumu yoyote, kwamba alikuwa mtu wa kwanza kuona baba anaumwa. Mwambie ni dada yake aliyesema uongo. Maana nikilala naiona safari yenu yote, mnashuka garini Kasanga, Mama Mdogo anakuja mbio amefungua mikono, na mtoto anakushika suruali anajificha nyuma yako, anamwogopa. Hilo, kaka, Mama Mdogo hatalistahimili. Usikubali limkute.

Ni mimi mdogo wako,
Leokadia